Kinanda hakisogei: kisa cha filimbi iliyodaiwa kushuka

Onyesho letu la kwanza lilipokwisha, watu watatu walinijia kwa nyakati tofauti, na kila mmoja akaninong'oneza jambo lile lile: mpiga filimbi alikuwa chini, yaani noti zake zilikuwa chini kidogo ya zile za kinanda. Mmoja wao ni mwanamuziki ambaye sikio lake naliheshimu. Nilitikisa kichwa kama anayekubali. Hilo ndilo linalonisuta mpaka leo, maana mimi ndiye niliyekaa kwenye kinanda saa nzima, na nilipaswa kujua kwamba aliyehama si yeye.

Nakieleza kisa hiki kirefu kwa sababu wapiga vinanda wengi tunaingia katika uwili huu wa filimbi na kinanda tukiwa na mazoea ya kusindikiza kwaya. Kwaya ikishuka, unaongeza sauti ya kinanda na inarudi. Filimbi haiendi hivyo. Na kinanda cha mabomba kina ukaidi wa aina yake: hakisogei mahali kilipojengwa, na usiku wa onyesho hakuna anayeweza kukishusha wala kukipandisha. Mzigo wote wa kufuata unamwangukia mwenye filimbi, na lawama nazo humfuata huko huko.

Tulikuwa wawili tu. Yeye na filimbi ya mlazo, ile ya chuma inayoshikwa kuelekea kulia. Mimi na kinanda chenye safu mbili za vibao na pedali, kilichoko kwenye roshani ya nyuma ya jengo kubwa la mawe. Ukipiga kofi moja mle ndani likiwa tupu, sauti inachukua kama sekunde 4 kufa. Tulifanya mazoezi wiki tatu na piano katika chumba kidogo, na mambo yalikwenda vizuri mno. Kwenye jengo lenyewe tulipata zoezi moja, asubuhi ya siku ile ile, jengo likiwa baridi na halina mtu. Jioni watu walikuwa wameshakaa tulipofika, hivyo hatukupata nafasi ya kuchukua kutoka kwenye kinanda noti ya A, ile ambayo vyombo hulinganishwa nayo. Alitunia filimbi yake, yaani aliilinganisha sauti, kwa simu, chumba cha nyuma, kwenye mitetemo 440 kwa sekunde. Simu haikukosea hata kidogo, na humo ndimo tulimoumia.

Mwendo wa kwanza wa sonata ya Bach ya E maina, BWV 1034, ni Adagio, yaani wa polepole. Hakuna pa kujificha. Nilipoisikiliza rekodi kesho yake, nilikuta kwamba kila aliposhikilia noti ndefu sambamba na noti ile ile kwenye kinanda, sauti ilitetemeka, wo-wo-wo-wo, mara tatu au nne kwa sekunde. Sauti mbili zinazokaribiana bila kulingana hufanya hivyo, na idadi ya mitetemeko hiyo ndiyo tofauti yenyewe: ukihesabu minne kwa sekunde, moja inapiga 440 na nyingine 444. Swali likawa ni ipi iko 440.

Usiku ule sikupima chochote. Lakini wiki iliyofuata palikuwa na mkusanyiko mwingine wa jioni mle mle, watu karibu idadi ile ile, vipasha joto vikiwa vimewashwa saa zile zile. Nikatundika vipimajoto viwili, kimoja roshani karibu na mabomba na kingine mbele chini, pale aliposimama mwenzangu. Chini kilisoma nyuzi 19. Juu, 23. Asubuhi yake, jengo likiwa tupu, vyote viwili vilisoma 16. Ndani ya mlango wa kinanda, fundi aliyekitunia mara ya mwisho alikuwa ameandika kwa penseli: 440, nyuzi 18. Nimekipiga kinanda hicho miaka mingi na mwandiko ule nimeupita kila siku.

Hesabu yake si ngumu. Bomba la kinanda hutoa sauti kwa hewa iliyomo ndani yake, na hewa ikipata joto, sauti husafiri ndani yake kwa kasi zaidi, kwa hiyo noti inapanda. Kila nyuzi moja ya Selsiasi huipandisha kwa takriban senti 3, kwa kipimo kile kinachogawa nusu sauti moja katika senti 100. Kutoka nyuzi 18 hadi 23 ni senti 15. Kinanda changu jioni ile kilikuwa kinapiga A ya karibu 443.8, yeye amejitunia 440 kwa uaminifu wote. Na asubuhi, tulipofanya zoezi, kilikuwa chini ya 440: karibu 438.5. Yaani kati ya zoezi na onyesho nilimbadilishia kinanda bila kumwambia.

Jambo hili lenyewe si geni. Ufaransa ilipoweka kisheria noti ya A kuwa mitetemo 435 mwaka 1859, sheria haikuishia kwenye namba. Ilitaja na joto, nyuzi 15. Waliohusika walijua kwamba namba bila joto ni nusu ya habari. Sisi na simu zetu tumeibakiza hiyo nusu.

Sasa, mtu atauliza kwa nini hakusukuma tu kichwa cha filimbi ndani kidogo. Kichwa, yaani kipande cha kwanza chenye tundu la kupulizia, huingia na kutoka. Ukikisukuma bomba linafupika na sauti inapanda. Kwa noti ya A ile, urefu wa hewa inayotetemeka ni kama milimita 390, hivyo kufidia senti 15 kunahitaji kusukuma milimita 3 na nusu hivi. Tatizo ni kwamba milimita hizo hizo hazina uzito sawa kwa kila noti. Kwa C ya chini kabisa, ambayo hutumia karibu bomba zima, zinapandisha senti 9 tu. Kwa C kali iliyo katikati, ambayo hutumia kipande kifupi cha bomba, zinapandisha senti 19. Ndiyo maana mpiga filimbi mzuri hapendi kuhamisha kichwa katikati ya onyesho: akisharekebisha noti moja, kuna nyingine ameiharibu, na midomo inabidi ijifunze upya ramani nzima mbele za watu.

Kwa hiyo alitumia midomo. Filimbi ikipulizwa kwa nguvu hupanda, ikipulizwa kwa upole hushuka. Ukiifungua tundu kidogo kwa kuizungusha nje hupanda pia. Alikuwa akijivuta juu namna hiyo kutwa nzima ya onyesho, na alifaulu kila alipopiga kwa nguvu. Kila palipotakiwa upole, hasa katika noti za chini, alianguka. Nikisikiliza rekodi sasa nasikia mtu anayepanda mlima na mzigo, si mtu asiye na sikio. Na alipopumzika wakati mimi napiga peke yangu, filimbi yake ilipoa hadi zile nyuzi 19 za chini, kisha akaingia tena na chuma baridi, wakati mimi huku juu nilikuwa nimekaa katika joto la watu wote waliokuwamo, maana joto hupanda.

Hilo lilikuwa kosa la mazingira na la uzembe wa pamoja. Kosa lililofuata ni langu peke yangu, na sikulijua mpaka aliponiuliza, kwa adabu, "Mwalimu, kwenye ile ya Gluck ulivuta stopu gani?"

Ile ya Gluck ni ngoma yenye filimbi ya peke yake aliyoiongeza kwenye opera yake ya Orfeo ilipopelekwa Paris mwaka 1774. Ni wimbo wa huzuni tulivu, nami nilitaka utamu. Stopu ni vile vishikio vya kuchagua safu ya mabomba itakayolia, na mimi nikavuta mbili laini, Salicional pamoja na Voix céleste. Anayekijua kinanda ameshashika kichwa. Céleste ni safu ya mabomba membamba iliyotuniwa makusudi juu kidogo ya zingine, ili zikilia pamoja sauti ielee kama maji. Peke yake inapendeza sana. Lakini nilikuwa namwambia mwenzangu, ambaye tayari ananitafuta, kwamba A iko mahali pawili kwa wakati mmoja. Hakukuwa na mahali pa kutua. Tangu siku ile céleste haiguswi filimbi ikiwa inalia, na kitetemeshi cha upepo nacho kadhalika.

Nikaanza kuziangalia stopu zote kwa jicho hilo. Mabomba mengi ya kinanda ni ndugu wa filimbi kabisa: upepo mwembamba unapiga ukingo, na hewa ndani ya bomba inaitika. Undugu huo ndio unaowafanya watu wadhani uwili huu ni rahisi. Kumbe ndugu wawili wenye sauti moja wakisema pamoja, unamsikia mwenye sauti kubwa tu. Nikiweka ile stopu nene ya filimbi ya futi 8, yaani inayolia kwenye kimo cha noti iliyoandikwa, chini ya filimbi ya mwenzangu, oktava yake ya kwanza inamezwa. Anapiga na mtu hamsikii, ila anaona vidole vikienda. Iliyofaa zaidi ilikuwa Gedackt ya futi 8, mabomba ya mbao yaliyozibwa juu. Bomba lililozibwa lina rangi tofauti, pana uwazi fulani katikati ya sauti yake, na filimbi inapita humo. Pale palipohitaji uchangamfu niliongeza futi 4 nyembamba, inayolia oktava moja juu, badala ya kuongeza unene wa futi 8.

Mabomba yenye ulimi, kama Trompet, niliyaacha kabisa, kwa sababu nyingine. Noti ya bomba la ulimi inatawaliwa zaidi na kile kibamba cha shaba kinachotetemeka, kwa hiyo joto haliisogezi sana. Mabomba mengine yote yanapopanda kwa senti 15, zile ndimi zinabaki nyuma. Ukizichanganya, kinanda kinakosana chenyewe kwa chenyewe, na mpiga filimbi anabaki kuchagua upande wa kuegemea.

Kuna na suala la mkono wa kulia, ambalo naona halisemwi vya kutosha. Bach katika sonata hii hakuandika sehemu ya vibao. Aliandika besi na tarakimu zinazoonyesha akodi, na mpigaji anajaza. Kitabu chetu kilikuwa na ujazo wa mhariri mmoja, umejaa akodi za noti nne nne. Kwenye piano hazisumbui kwa sababu kila akodi inaanza kufa mara tu inapopigwa. Kwenye kinanda haifi. Inakaa pale pale, kwa nguvu ile ile, mpaka uinue kidole. Na katika jengo la sekunde 4, hata ukiinua bado ipo. Nilikaa na penseli jioni mbili nikifuta. Nilibakiza noti mbili, pengine moja, zote chini ya filimbi, na nikajizoeza kuinua mkono katikati ya pigo ili pawe na hewa kabla ya akodi inayofuata. Pedali ya futi 16, inayolia oktava moja chini, niliifuta katika miendo yote ya polepole. Andante ya tatu, ambayo besi yake hutembea bila kuchoka chini ya wimbo mrefu, ilibadilika sura kabisa kwa besi ya futi 8 peke yake. Hapo ndipo nilipoanza kusikia maneno yake, kama naweza kusema hivyo.

Sicilienne ya Fauré tuliiondoa kwenye orodha yetu. Ilichapishwa kwa selo na piano, na ule usindikizaji wa noti zinazopanda na kushuka unategemea piano kuziachia zipotee zenyewe. Nilijaribu kwa kila njia. Ilikuwa kama kufuma kwa kamba ya meli. Tulibaki na Sonata da chiesa ya Frank Martin, ambayo aliitunga mwaka 1938 kwa viola d'amore na kinanda kisha mwaka 1941 akaitolea toleo la filimbi. Huyu alikijua kinanda alipokuwa akiandika, na unaihisi tofauti katika ukurasa wa kwanza tu.

Nimeacha la umbali hadi sasa kwa sababu ndilo lililotuletea ugomvi mdogo.

Katika onyesho la kwanza alisimama mbele, watu wamwone. Kutoka pale hadi kwangu ni mita 27. Sauti katika joto la nyuzi 20 huenda mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo alichopiga kilinifikia baada ya sehemu 79 za elfu za sekunde. Si kitu, utasema. Lakini Allegro, ule mwendo wa pili wa sonata ya Bach, ni mbio za noti za robo pigo, na kwa mwendo wa mapigo 100 kwa dakika kila moja huchukua sehemu 150 za elfu. Mimi namsikia amechelewa nusu ya noti, namfuata. Jibu langu nalo linasafiri mita zile zile kurudi kwake. Anachosikia yeye ni kwamba nimechelewa noti nzima.

"Ulikuwa unanisubiri," aliniambia tulipokaa kusikiliza rekodi. "Kila mstari."

"Wewe ndiye uliyekuwa unanisubiri."

Tukatazamana. Rekodi ilituonyesha wote wawili tukiwa wakweli: tulianza kwenye 100 na tukamaliza kwenye 88, kila mmoja akimpungia mwenzake mkono apite, kama watu wawili mlangoni.

Zipo dawa za hili. Mpigaji anaweza kumtazama kwa kioo au kamera na kwenda na anachokiona, akaziba masikio ya moyo wake kwa anachokisikia, kwa sababu nuru haichelewi. Wanaofanya hivyo kwa ustadi wapo. Lakini hata mkilingana kwa macho, anayekaa safu ya mbele bado atasikia kinanda kimechelewa, na anayekaa nyuma atasikia filimbi imechelewa. Walio katikati tu ndio watakaobahatika. Mimi nilishauri apande roshani. Alisita. Hakuna mpiga filimbi anayefurahia kuwa sauti isiyo na sura, na hata waandaaji hawakupenda. Nilisimama kwenye hoja yangu, na naamini nilikuwa sahihi: anayetaka kumwona atamwona akishuka kuinama.

Juu kulikuwa na mambo madogo ya kutatua. Tulipojaribu asimame nyuma ya benchi langu, ukingo wa roshani ulimkata sauti. Filimbi haitoi sauti mwishoni kama tarumbeta. Sehemu kubwa hutoka pale kwenye tundu la mdomo na kwenye matundu yaliyo wazi, kwa hiyo mdomo wake ukiwa nyuma ya ukuta, na sauti iko nyuma ya ukuta. Tukamsogeza mpaka kwenye ukingo, akaelekea watu, na mimi nikawa kushoto kwake. Wapiga filimbi hugeuza kichwa kidogo upande wa kushoto wanapopiga, hivyo aliniona kwa pembe ya jicho bila kujipinda. Tukawa na mita mbili na nusu kati yetu. Ugomvi wa kusubiriana uliisha siku hiyo hiyo, na la maana zaidi, sasa yeye na mabomba walikuwa katika joto moja.

Pumzi nayo ikapata ufumbuzi nisioutarajia. Allegro ile ina mistari mirefu isiyo na mahali pa kuvuta pumzi, na chumbani alikuwa akiiba pumzi kwa hofu, akakata noti. Kule juu aligundua kwamba jengo linamshikia noti: akiachia mapema na kuvuta pumzi ya kutosha, mwangwi unaziba pengo. Kazi yangu ilikuwa kuinua mikono pale pale anapoinua yeye. Kinanda hakihitaji pumzi, hivyo inabidi mpigaji akipangie pumzi. Niliziandika zake zote kwenye nakala yangu kwa kalamu nyekundu, kumi na nne katika mwendo mmoja.

Onyesho la pili lilikuwa miezi miwili baadaye, jengo lile lile. Tuliomba vipasha joto viwashwe kwa muda wa saa tatu kabla ya onyesho. Vibamba vya lile sanduku la mbao linalofunika mabomba ya safu ya juu niliviacha wazi mchana kutwa, ili joto la ndani na la nje yake lisitofautiane. Nilifungua kwa kipande cha kinanda peke yake, kama dakika sita, wakati yeye amesimama kando akipuliza pumzi ya joto ndani ya filimbi bila kuilizisha, vifuniko vyote vimefungwa. Kisha nikampa A, kwa Gedackt ile ile ambayo angeisikia katika Adagio, mbele ya watu wote, na nikaishikilia mpaka aliponipa ishara. Tulirudia kabla ya Martin. Simu ilibaki mkobani.

Halikuwa onyesho lisilo na doa. Kuelekea mwisho safu ya juu ya kinanda ilikuwa imepanda kuliko ya chini, nikalazimika kuikwepa katika Allegro ya mwisho na kupiga yote kwenye safu moja, jambo lililoninyima mwitikano niliokuwa nimeupanga. Kasi ilishika mapigo 96 kwa dakika tangu mwanzo hadi mwisho.

Yule mwanamuziki alikuwepo tena. Alinisubiri chini ya ngazi. "Leo binti alikuwa sawasawa," alisema. "Amefanya mazoezi sana."

Safari hii sikutikisa kichwa. Nilimshika mkono nikampandisha roshani, mabomba yakiwa bado na joto la watu, nikamwonyesha kipimajoto kwenye msumari wake na mwandiko wa penseli ndani ya mlango. Alivaa miwani akasoma kimya: 22, na chini yake, 18. Kisha akaniuliza kama usiku ule wa kwanza nilikuwa nimeviangalia.